Niliyemdhamini ametoroka: je, mahakama itauza ploti yangu?

SWALI: Mwaka jana nilimdhamini shemeji yangu, kaka wa mke wangu, katika mahakama ya Malindi. Alishtakiwa kwa kupata pesa kwa njia ya udanganyifu. Hakimu alimpa bondi ya shilingi 500,000 na mdhamini mmoja, nami nikaweka hatimiliki ya ploti yangu. Mwanzoni alihudhuria vizuri, kisha akakosa mara mbili. Sasa kuna waranti ya kumkamata, na mimi nimeletewa samansi nifike kueleza kwa nini nisilipe pesa za bondi. Tunasikia amevukia Lunga Lunga, yuko Tanga, na anatafuta njia ya kwenda Oman. Mlalamishi naye hanipi usingizi kwa simu, anataka pesa zake kutoka kwangu. Je, ploti itauzwa? Naweza kufungwa? Na nikilipa, pesa zinaenda kwa nani? (Msomaji, Kilifi)

JIBU: Ndugu yangu wa Kilifi, nianze na samansi, maana naona imekutisha kuliko hata habari ya ploti. Karatasi hiyo haisemi kwamba umeshalipishwa. Inakuita uje useme. Wengi wakiipata huzima simu, au humtuma mke akaseme mzee amesafiri, na hapo huwa wamejinyima nafasi waliyopewa na sheria ya kusikilizwa kabla mahakama haijagusa mali yao. Nenda. Nenda hata kama huna shilingi moja ya kulipa siku hiyo.

Jambo lako linatawaliwa na Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75 ya sheria za Kenya, kifungu cha 131. Nitakieleza hatua kwa hatua kwa sababu hatua zenyewe ndizo kinga yako. Mshtakiwa asipofika, mahakama kwanza inatakiwa iridhike kwamba bondi imevunjwa, na iandike kwenye faili imeridhika kwa misingi gani. Ikishaandika, inaweza kumwita kila aliyefungwa na bondi hiyo alipe kiasi kilichotajwa au aeleze kwa nini asilipe. Hapo ndipo ulipo wewe sasa. Maelezo yasiporidhisha na pesa zisipolipwa, mahakama inaweza kutoa waranti ya kukamata na kuuza mali ya mdhamini inayohamishika. Pesa zisipopatikana kwa njia hiyo, ndipo linapokuja suala la kifungo, nacho hakizidi miezi sita. Na kifungu kidogo cha 5 kinampa hakimu uwezo wa kusamehe sehemu ya pesa na kudai iliyobaki tu.

Kwa hiyo anayekwambia pale nje ya mahakama kwamba "mshtakiwa akikosa, mdhamini analala ndani" amekurukisha hatua kadhaa. Mdhamini akisukumwa gerezani siku ile ile aliyokosa mshtakiwa, bila kusikilizwa na bila mali yake kujaribiwa, ana jambo zito la kupeleka Mahakama Kuu. Ila usiingie kwa hakimu na kiburi cha kifungu cha sheria. Mdhamini anayekuja kubishana kabla hajaeleza alichofanya kumtafuta mtu wake huondoka na msamaha mdogo.

Tuangalie ulichosaini. Chini ya kifungu cha 124, mshtakiwa na mdhamini wake hufunga ahadi kwamba mshtakiwa atafika mahali na saa iliyotajwa, na ataendelea kufika hadi mahakama itakapoelekeza vingine. Hayo maneno ya "ataendelea kufika" yana uzito. Bondi haiishi kwa sababu mwaka umepita, wala kwa sababu hakimu amehamishwa, wala kwa sababu shemeji alihudhuria mara nyingi kabla ya kukosa. Lakini pia ina kipimo chake. Umefungwa kwa shilingi 500,000, si zaidi. Kama mlalamishi anadai milioni mbili, hizo ni zake na shemeji yako. Hukumdhamini kwamba hakutenda kosa, wala hukudhamini deni lake. Ulidhamini miguu yake ifike kortini, basi.

Kabla ya tarehe ya samansi, nenda masjala ya mahakama ukaombe kusoma faili, au umtume wakili. Wadhamini wachache sana hufanya hivi na sijui kwa nini, maana faili ndilo linalosema ni nini hasa kilichotokea siku zile mbili. Angalia kama tarehe zile zilitajwa mshtakiwa akiwapo, au zilipangwa siku ambayo korti haikukaa na watu wakaambiwa na karani tu. Angalia kama hakimu aliandika sababu za kuridhika kwamba bondi imevunjwa, au kuna mstari mmoja tu unaosema waranti itolewe na mdhamini aitwe. Angalia jina lako, nambari ya hatimiliki na kiasi cha bondi. Angalia kama masharti yalibadilishwa njiani. Wakati mwingine upande wa mashtaka huomba bondi iongezwe, hakimu akakubali, na mdhamini wa mwanzo hakuitwa kusaini upya. Kiasi ambacho hukukisaini ni hoja halali kabisa ya kuweka mbele ya hakimu.

Na angalia habari ya pasipoti. Kama hakimu aliamuru shemeji aikabidhi mahakamani na haikukabidhiwa, au ilikabidhiwa kisha ikaachiliwa kwa ombi lake, lisemwe hilo. Halikuondolei wajibu wako, lakini linaonyesha kwamba mlango alioutumia haukuwa mikononi mwako.

Sasa tuje kwenye kiini: sababu gani inatosha? Sheria haikutoa orodha, imemwachia hakimu. Ziko sababu zinazomaliza mjadala. Mshtakiwa amekufa: leta cheti cha kifo. Mshtakiwa yuko rumande kwa kesi nyingine katika kaunti nyingine: leta nambari ya kesi hiyo na uombe mahakama iagize aletwe kutoka gerezani. Alikuwa amelazwa: leta karatasi za hospitali zenye tarehe, si barua iliyoandikwa wiki mbili baadaye na daktari ambaye hakumwona. Katika hali kama hizo huwezi kusema mtu ametoroka, kwa hiyo kuna kidogo cha kutwaa.

Hali yako ni ngumu zaidi, kwa sababu shemeji ametoroka kweli. Mahakimu wetu katika jambo hili huangalia pia maamuzi ya Uingereza, ambayo hayawafungi lakini yanawashawishi. Katika kesi ya Southampton Justices, iliyoripotiwa mwaka 1976, jaji Lord Denning alielekea upande wa wadhamini: kama mdhamini hakuzembea na alifanya kila juhudi mshtakiwa afike, inaweza kuwa haki kumsamehe pesa zote. Maamuzi yaliyofuata yalikaza kamba. Miaka ya 1990, katika kesi ya Maidstone Crown Court, wadhamini walioonekana hawana lawama bado walilipishwa sehemu kubwa ya walichoahidi. Sababu yake naiona ina mantiki, hata kama inauma: mahakama ilimwachilia mtu kwa kuliamini neno la mdhamini, na kama kila mdhamini anaweza kusema "mimi sikujua" akaenda zake, neno hilo lingekuwa halina thamani siku ya pili. Kwa hiyo usiende Malindi ukitegemea kutokuwa na hatia peke yake. Hatia si swali linaloulizwa. Swali ni ulifanya nini, lini, na una karatasi gani.

Kwa maana hiyo wiki hizi ulizo nazo ni za kazi. Nenda kituo cha polisi ukaandikishe taarifa kwamba uliyemdhamini ametoroka, upewe nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Mtafute afisa mpelelezi wa kesi hiyo na umpe kila unachokijua: nambari za simu anazotumia shemeji, jina la mtaa unaosikia anakaa Tanga, nani humtumia pesa, ni nani aliyemwona. Mpe kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kama ulisafiri kumtafuta, weka risiti ya nauli. Kama ulimwandikia ujumbe ukimsihi arudi, usiufute. Barua ya chifu kuthibitisha kwamba ulifika ofisini kwake kuuliza habari za mtu huyo pia inasaidia. Yote haya yaingie katika hati ya kiapo, uiapishe mbele ya kamishna wa viapo, na uiwasilishe kabla ya tarehe. Maneno matupu kizimbani yanasahaulika mchana. Kiapo kinakaa kwenye faili, na siku jambo likifika Mahakama Kuu ndicho jaji atakachokisoma.

Hapa pana tatizo ambalo najua linakusumbua ingawa hukuliandika. Unayemtaja kwa polisi ni kaka wa mkeo. Mama mkwe atasema nini, na mke atakuangaliaje? Siwezi kukusaidia kwa hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba hakimu atakuuliza moja kwa moja kama unajua aliko, na utajibu ukiwa umeapa. Anayejua na kuficha anapoteza huruma ya mahakama papo hapo, na anaweza kujikuta ameshtakiwa yeye mwenyewe. Kama familia ina njia ya kuzungumza naye, ujumbe wa maana ni huu: akijisalimisha kabla ya tarehe ya samansi, mzigo wako unapungua sana, na yeye mwenyewe atakuwa na la kusema anapoomba dhamana tena. Akikamatwa kwa nguvu baada ya mali yako kuuzwa, hakuna aliyepata kitu.

Usivuke mpaka kwenda kumleta. Nasema hivi kwa sababu kuna vijana watakaojitolea kukodi gari mwende "mkamchukue". Marekani Mahakama ya Juu yao iliandika mwaka 1872, katika kesi ya Taylor dhidi ya Taintor, kwamba mdhamini ana mamlaka mapana ya kumfuata na kumkamata aliyemdhamini hata katika jimbo jingine, na ndiyo chanzo cha wale wawindaji wa watoro tunaowaona kwenye filamu. Hapa kwetu njia ni hakimu na polisi. Ukimfunga mtu kamba Tanga ukamrudisha kwa njia za panya, Tanzania itakushtaki kwa utekaji, na itakuwa zamu yako kutafuta mdhamini. Waranti ya Kenya haitekelezwi na askari wa Kenya ndani ya Tanzania. Inapitia kwa wenye mamlaka wa huko, na kwetu sheria inayohusu kurejeshana washukiwa na nchi jirani ni Sura ya 76. Kazi yako ni kumsukuma afisa mpelelezi na ofisi ya mashtaka waianzishe njia hiyo, na kuweka ushahidi kwamba uliwasukuma. Kuhusu Oman, waombe wawaarifu watu wa uhamiaji mapema. Mtu akishapata kazi Maskati, kumrudisha kwa kesi ya shilingi mia kadhaa elfu ni safari ndefu ambayo serikali mara nyingi haiianzi.

Tuje kwenye ploti. Soma tena kifungu cha 131: kinataja kukamata na kuuza mali inayohamishika. Ardhi haihamishiki. Hilo linawashangaza wengi, kwa sababu kwa mazoea yetu hatimiliki ndiyo mfalme wa dhamana. Ukienda kudhamini unaombwa hati, cheti cha upekuzi kutoka ofisi ya ardhi, ripoti ya mthamini, kiapo cha uwezo wako, mara nyingi na idhini ya mwenzi wako wa ndoa. Kisha hati inawekwa mahakamani, na mara nyingi mahakama humwandikia msajili wa ardhi aweke zuio ili usiuze ploti wala usikopee. Lakini yote hayo yanaonyesha kwamba una uwezo wa kulipa, na yanakuzuia usiitoroshe mali. Hayamaanishi kwamba siku mshtakiwa anapokosa ploti inageuka kuwa ya serikali. Ukisikia hakimu anaelekea kuamuru ploti ipigwe mnada moja kwa moja bila kupitia hatua nilizozitaja, simama useme, au wakili wako aseme, kwamba kifungu kinazungumzia mali inayohamishika. Hoja hiyo ina nguvu, na ni ya kupeleka mbele ikikataliwa.

Usifurahi mapema, hata hivyo. Zuio litabaki pale pale hadi pesa zilipwe au mahakama ikusamehe, na mwenye ploti asiyeweza kuiuza wala kuikopea hujikuta akiilipia kwa njia nyingine. Halafu mali inayohamishika unayo. Gari, pikipiki, ng'ombe, mashine ya kusaga, bidhaa za duka, vyote hivyo ni mali inayohamishika. Hata vilivyo nje ya mamlaka ya mahakama ya Malindi vinaweza kufikiwa, kwa sababu waranti ikiidhinishwa na hakimu wa eneo vilipo inafanya kazi huko pia. Lakini lazima viwe vyako. Friji aliyoinunua mkeo kwa pesa za chama si mali yako kwa sababu tu iko jikoni kwako, na gari lililoandikishwa kwa jina la ndugu yako si lako kwa sababu tu wewe ndiye unayeliendesha. Tafuta risiti na kadi za umiliki sasa, kabla wenye waranti hawajabisha hodi. Usianze kuhamisha majina ya mali yako wiki hii, ingawa. Hakimu ana hiari ya kukusamehe, na mtu anayeonekana kuficha mali anaiua hiari hiyo kwa mkono wake.

Kifungo ndicho cha mwisho. Kinatoka kwa amri ya mahakama iliyotoa waranti, baada ya pesa kukosekana kwa njia ya kukamata na kuuza mali, na hakipiti miezi sita. Mtu mwenye ploti, duka na kazi si rahisi kufika huko kama anafika kortini na kuzungumza. Wanaofika huko mara nyingi ni wale waliopuuza samansi hadi waranti ikatoka kwa jina lao pia.

Uwezo wako wa kulipa unasikilizwa. Leta hati ya mshahara, karatasi za karo, madeni ya Sacco, chochote kinachoonyesha hali yako ilivyo leo. Uombe mambo mawili kwa pamoja: kiasi kipunguzwe chini ya kifungu kidogo cha 5, na kitakachobaki ulipe kwa awamu. Lakini kuna mtego. Ulipokuja kudhamini uliapa kwamba una uwezo wa shilingi 500,000. Ukija leo kusema hukuwahi kuwa na kitu, kiongozi wa mashtaka atakusomea kiapo chako mwenyewe. Kwa hiyo eleza kilichobadilika tangu siku ile: biashara imeanguka, kuna mgonjwa, kazi imekwisha. Kama hakuna kilichobadilika, jikaze kwenye juhudi zako za kumtafuta mshtakiwa na uache wimbo wa umaskini.

Sasa mlalamishi. Pesa za bondi zinazotwaliwa huenda serikalini. Haziendi kwake, hata senti. Ukimpa yeye pesa nje ya mahakama ukidhani unalipa bondi, utakuwa umelipa deni la shemeji kwa hiari yako, na mahakama bado itakudai. Yeye haki yake iko kwa shemeji, katika kesi ya jinai kama mahakama itaamuru fidia, au katika kesi ya madai. Anaweza kupatana na familia yenu, hilo sheria haichukii, na Katiba ya 2010 katika ibara ya 159 inahimiza usuluhishi. Ila hata mkipatana, kesi haifi kwa sababu mlalamishi amesema "nimesamehe" sebuleni. Lazima aje mbele ya hakimu, kesi iondolewe rasmi, na hata hapo bondi iliyovunjwa kabla ya mapatano inabaki kuwa jambo la kuamuliwa. Mapatano hayo yatakuwa sababu nzuri ya kuombea msamaha, basi. Kwa simu zake, mjibu mara moja kwa adabu kwamba aelekeze maswali kwa kiongozi wa mashtaka, na akizidi kukutisha, hilo nalo lina nafasi yake katika OB.

Labda utauliza, na wengi huuliza: "Si tulikubaliana na shemeji kwamba nikilipa atanirudishia, tena akaniachia elfu mia kama rehani?" Kuwa mwangalifu na karatasi ya namna hiyo. Mahakama za Uingereza ziliamua tangu mwaka 1885, katika kesi ya Herman dhidi ya Jeuchner, kwamba mapatano ya mshtakiwa kumkinga mdhamini wake dhidi ya hasara ni haramu, kwa sababu yanamwondolea mdhamini hamu ya kumchunga mtu wake. Na Sheria yetu ya Mahakama, Sura ya 8, inapokea misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri inavyofaa hali zetu. Uamuzi wa 1885 uko ndani ya kipindi hicho. Kwa hiyo karatasi kama hiyo haitakusaidia sana kumdai shemeji, na ukiitoa mbele ya hakimu wakati unaomba huruma itakuharibia, maana itaonekana hukuwa na cha kupoteza.

Swali la kujitoa. Kifungu cha 128 kinamruhusu mdhamini, wakati wowote, kumwomba hakimu amwondoe kwenye bondi. Hakimu hutoa waranti, mshtakiwa hukamatwa au hujisalimisha, na akishafika ndipo mdhamini anaachiliwa na mshtakiwa kutakiwa alete mdhamini mwingine. Ona lini unaachiliwa: si siku ya kuandika barua, ni siku mshtakiwa anapokuwa mbele ya hakimu. Wewe sasa umechelewa kwa njia hiyo, kwa sababu mtu hayupo. Nalitaja kwa ajili ya wengine walioona dalili: shemeji ameuza pikipiki, anauliza bei ya pasipoti, hapokei simu. Siku hiyo ndiyo ya kwenda kortini. Na mtu akionekana yuko karibu kuondoka nchini, kifungu cha 130 kinaruhusu mahakama, ikipewa taarifa kwa kiapo, kuagiza akamatwe. Ningekushauri usijilaumu kwa hilo sasa, lakini kama uliziona dalili na ukamwambia afisa au karani, hata kwa simu, liweke kwenye kiapo.

Kifo cha mdhamini pia kina utaratibu wake, na familia hupotea hapo. Mdhamini akifa kabla bondi haijatamkwa kwamba imevunjwa, kifungu cha 129 kinaiweka huru mirathi yake, na mshtakiwa anaweza kutakiwa kuleta mdhamini mwingine. Akifa baada ya hapo, mali ya mirathi inaweza kufuatwa.

Walioweka pesa taslimu badala ya bondi hawana mlolongo mrefu kama wako. Pesa tayari ziko mikononi mwa mahakama, hakuna mnada wa kutisha mtu, na zikitwaliwa zimetwaliwa. Bado aliyeziweka anaweza kuomba asikilizwe. Cha muhimu kwake ni risiti yenye jina lake, kwa sababu kesi ikiisha salama pesa hurudishwa kwa mwenye jina kwenye risiti, na nimeona familia zikigombana kwa sababu mjomba alichanga na jina likaandikwa la binamu.

Kama uamuzi wa Malindi hautakuridhisha, kifungu cha 132 kinasema amri zote za hakimu chini ya kifungu cha 131 zinaweza kukatiwa rufaa Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu inaweza pia kuzipitia upya. Rufaa ya jinai huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu amri itolewe, na muda unaweza kuongezwa kwa sababu nzuri, lakini usiutegemee. Siku ile ile omba nakala ya amri na mwenendo wa kesi, na uombe utekelezaji usimamishwe wakati rufaa inasubiriwa. Kukata rufaa peke yake hakumzuii mwenye waranti kuja kuchukua pikipiki.

Na ikitokea shemeji akapatikana wakati wowote katika safari hii, hata baada ya amri ya kulipa lakini kabla hujamaliza, rudi kwa hakimu. Kupatikana kwake hakufuti deni moja kwa moja, ila ni sababu yenye uzito mkubwa kuliko zote nilizozitaja ya kuomba kilichobaki kisamehewe, hasa kama ni taarifa zako zilizowafikisha polisi mlangoni kwake.

Mwisho wa jambo, iwe umelipa yote, umesamehewa nusu au umeachiliwa kabisa, usiondoke Malindi bila vitu viwili: amri ya mahakama ya kukurudishia hatimiliki, na barua kwa msajili wa ardhi ya kuondoa zuio. Karani atakupa hati yako na utahisi umemaliza, kumbe zuio bado liko kwenye daftari la ardhi na utalikuta siku unayotaka kuuza au kukopea. Peleka barua mwenyewe kwa msajili, subiri siku chache, kisha lipia upekuzi mpya uone daftari limesafishwa.